Muulize Mama Rangi: Kalia kiti chako kwanza, duka litakusubiri

Mwezi huu karibu barua zote zimetoka kwa watu wanaofanyia kazi nyumbani. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu aliyoyaandika dada huyu nimeyakuta katika nyumba nyingi.

*Shikamoo Mama Rangi. Mimi ni mhasibu, nafanyia kazi nyumbani Tabata, Dar es Salaam, tangu ofisi yetu ya mjini ilipofungwa. Chumba changu kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.2, dirisha ni moja na linatazama magharibi. Kuta zote nne ni nyeupe pe tangu tulipohamia. Ikifika saa tisa mchana macho yananiuma mpaka kichwa, na kwenye vikao vya video wenzangu wanasema uso hauonekani, wanaona kivuli tu. Mume wangu ameona picha za ofisi za bluu iliyokolea, anataka tupake hiyo kuta zote. Amesoma pia kwamba bluu inaongeza umakini. Mimi nataka krimu. Tumebishana wiki mbili sasa, tuamulie. — Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Umenipa vipimo vya chumba na umenitajia upande wa dirisha, nakushukuru, maana wengi huniandikia "chumba changu ni kidogo" wakaishia hapo. Lakini kuna mawili hukuniambia: meza yako imekaa wapi, na nje ya dirisha kuna nini. Hayo mawili ndiyo yanayoamua rangi, nami nilijifunza kwa gharama.

Mwaka 2011 nilipaka chumba cha kazi cha mwalimu mstaafu pale Mikocheni. Rangi tuliichagua dukani, kwenye kadi yenye vipande vidogo kama stempu: kijani laini, kama nyama ya parachichi ile iliyo karibu na ganda. Ulikuwa mwezi wa tano, masika yanamalizia, na siku zote mbili nilizofanya kazi mawingu yalifunga. Nikapiga mikono miwili, yaani rangi mara mbili, chumba kikatulia, nikaondoka nimeridhika. Baada ya wiki mzee akanipigia simu. Akasema, "Mwanangu, njoo saa kumi jioni, kisha ukae kwenye kiti changu."

Nikaenda, nikakaa. Nje ya dirisha palikuwa na mwembe mkubwa na chini yake bustani ya majani. Mvua ilikuwa imekatika, jua la saa kumi likipenya kwenye mwembe, likigonga majani, linaingia ndani likiwa limeshakuwa kijani. Ndani linakutana na ukuta wangu wa kijani. Karatasi nyeupe iliyokuwa mezani ikawa ya kijani. Nikatazama mikono yangu, nayo ni ya kijani. Nilikaa pale dakika kumi nikaanza kuhisi kichefuchefu, na mzee wa watu alikuwa anakaa humo saa sita kila siku, akiandika. Nilikirudia chumba kile kwa fedha yangu. Safari hii nilipaka rangi ya mchanga yenye wekundu kidogo ndani yake, na ule mwanga wa mwembe ulipoingia, wekundu ukaupunguza makali, karatasi ikarudi kuwa nyeupe.

Mjomba wangu, aliyenifundisha ufundi huu Tanga mwaka 1999, alikuwa hafungui kopo kabla hajakaa pale atakapokaa mwenye chumba. Nilikuwa nikidhani anapumzika. Tangu siku ile ya Mikocheni sipaki chumba cha kazi kabla sijakaa kwenye kiti cha mwenyewe, asubuhi na jioni.

Kwa hiyo kaa na wewe. Kaa saa kumi, utazame nje kwanza. Huko Tabata nyumba zimebanana. Kama jirani ameezeka bati la msauzi jekundu na jua linalipiga, chumba chako kinaingiza wekundu. Bati likiwa la bluu, unaingiza ubluu. Ukiona ukuta wa saruji usiopakwa, umepata jirani mzuri kuliko wote, kwa sababu kijivu hakiongezi kitu.

Sasa niseme ninachokihisi kuhusu meza yako. Macho yanauma kuanzia saa tisa, na uso unakuwa kivuli kwenye video. Malalamiko hayo mawili yakija pamoja, mara nyingi meza imegusa ukuta wa mashariki na mwenyewe amelipa dirisha mgongo. Jua la jioni linapita juu ya bega lako, linaupiga ukuta mweupe ulio mbele yako, ukuta unaurudisha mwanga wote machoni. Kamera nayo inatazama upande wa pili: inaliona dirisha linawaka nyuma yako, inapunguza mwanga wa picha nzima ili isiungue, na uso wako unabaki gizani. Kama ndivyo meza ilivyokaa, mwanangu, hakuna rangi itakayokusaidia mpaka uihamishe. Isogeze ukuta wa kaskazini, kama mlango unaruhusu, ili dirisha likae mkono wa kushoto. Ukiandika kwa mkono wa kulia, kivuli cha mkono hakitaangukia karatasi. Halafu weka pazia jepesi la kulichuja lile jua la saa kumi, maana jua linaloingia moja kwa moja huzibwa kwa kitambaa.

Meza ikishakaa hapo, tuongee rangi.

Nyeupe kwanza, maana ndiyo iliyokuumiza. Kila rangi ina kiwango chake cha kurudisha mwanga, kinachohesabiwa kutoka 0 hadi 100. Kwenye kadi nyingi za rangi utakiona kimeandikwa kwa herufi LRV na namba pembeni au nyuma ya kipande. Nyeupe pe inafika 85 na kupita. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa na jua la magharibi unakuwa taa ya pili. Nyeupe ni ya kwenye dari, na ninakuomba msiiondoe huko: dari nyeupe huuchukua mwanga wa dirisha na kuushusha mezani, hata siku umeme umekatika unaona namba zako. Ila kuta unazotazamana nazo saa nane kwa siku zinataka 55 hadi 70.

Krimu unayoitaka ingekufaa sana kama chumba chako kingekuwa cha baridi, kama anachokaa mwenzako wa barua ya tatu hapo chini. Mwanga wa magharibi ukianza kuwa wa dhahabu, krimu inageuka siagi, na kufikia saa kumi na moja na nusu siagi inageuka manjano. Nimekaa kwenye vyumba hivyo. Joto la Dar unalijua, na ukiongeza manjano ukutani unahisi limeongezeka, ingawa rangi ya ndani haipandishi joto wala haipoozi. Kama kinachokusumbua ni joto lenyewe, pakeni nyeupe upande wa nje wa ukuta wa magharibi. Huko nyeupe ina kazi ya maana.

Bluu iliyokolea ya baba watoto nayo nimeitafakari, kwa sababu si rangi mbaya. Kile alichokisoma nakijua kinatoka wapi: mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha utafiti kwamba bluu huwasaidia watu katika kazi za ubunifu, na nyekundu katika kazi za kuangalia vitu kwa makini. Kwa hiyo hata ukiufuata utafiti wenyewe, mhasibu angepaka nyekundu! Na rangi walizojaribu zilikuwa kwenye skrini ya kompyuta, nyuma ya maandishi. Hawakupaka chumba, hawakukaa mtu humo mwaka mzima na jua la Tabata. Sipangi rangi ya ukuta kwa habari hiyo.

Ninachokijua kwa macho yangu ni hiki. Skrini inawaka. Ukiweka ukuta mweusi au wa bluu ya usiku nyuma yake, jicho linahangaika kati ya mwanga mkali na giza kila ukiinua uso, na jioni unachoka bila kujua kwa nini. Ukuta wa nyuma ya skrini unatakiwa ukaribiane na mwanga wa skrini yenyewe. Isitoshe, bluu hiyo inataka mikono mitatu ili ikae bila mabaka, inaonyesha kila alama ya kidole na kila chaki ya mtoto, na siku mkiichoka mtapiga kwanza praima nyeupe, yaani rangi ya msingi, ndipo mrudi kwenye rangi nyepesi. Mwambie baba watoto bluu yake naipa rafu ya vitabu na mlango upande wa ndani. Ipigwe kwa rangi ya mafuta, isafishwe kwa kitambaa. Atakuwa anaiona kila akiingia, na itapendeza.

Rangi ninayokuchagulia mimi naiita ya mkonge. Si kijani cha majani mapya. Ukisafiri barabara ya Segera kwenda Tanga kiangazi, tazama jani la mkonge lenye vumbi: ni kijani, lakini ndani yake kuna kijivu kingi, na ukilitazama kwa mbali husemi ni kijani wala kijivu. Kwenye dirisha la magharibi rangi hiyo inafanya kazi vizuri kwa sababu udhahabu wa jioni unakutana na ubaridi wake, vinasawazishana. Asubuhi, jua likiwa upande wa pili wa nyumba, chumba kinakuwa cha kijivu tulivu, na hapo ndipo namba zinapotaka utulivu. Kama nje kuna bati jekundu, usibadilishe kitu. Kama kuna miti mingi kama pale Mikocheni, achana na mkonge kabisa, chukua kijivu chenye wekundu kidogo.

Kwenye kadi utaikuta imepangwa kwa ngazi, kutoka nyepesi hadi iliyokolea. Chukua nyepesi, ile ya 60 na kitu, kwa ukuta wa kaskazini ulio mbele yako, wa mashariki, na huo wa magharibi wenye dirisha. Watu hupenda kuupaka ukuta wa dirisha rangi nzito. Usifanye hivyo, maana dirisha likizungukwa na giza linakuwa kali zaidi machoni. Kisha shuka ngazi mbili au tatu kwenye kipande hichohicho, ufike kama 35, hiyo uipake ukuta wa kusini peke yake, ule utakaokuwa nyuma ya mgongo wako kwenye video.

Jambo hili la video nataka ulielewe, kwa sababu picha tunazotumiwa za ofisi za nyumbani wengi waliokaa ndani yake ni weupe, na kuta zao zimepangwa kwa ngozi zao. Kamera ya kompyuta inapima mwanga wa picha yote kwa pamoja. Nyuma yako kukiwa na ukuta mweupe, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na ngozi yetu nyeusi ndiyo inayolipa: macho hayaonekani, tabasamu halionekani. Ukuta ukiwa wa wastani, kamera inatulia na uso unajitokeza. Ukiwa mweusi sana, nywele zinapotelea ukutani. Na jaribio lake ni la bure. Hamisha meza, washa video, kisha mwombe mtoto mmoja asimame nyuma yako ameshika kanga. Jaribu nyeupe, jaribu ya kijani iliyofifia, jaribu ya kahawia, jaribu ya bluu nzito. Baba watoto aangalie kwenye simu yake akiwa sebuleni. Dakika kumi tu, ubishi wa wiki mbili utakwisha.

Kabla ya kununua galoni, nunua kopo dogo la kujaribia na karatasi mbili za manila. Zipige mikono miwili, zikauke usiku mzima, kwa kuwa rangi ya maji ikikauka inakolea kuliko unavyoiona kwenye brashi. Usipake kipande moja kwa moja juu ya ukuta wako: kikizungukwa na ule weupe kitaonekana kizito, utaogopa bure. Kunja manila katikati, uisimamishe kwenye kona ya chumba. Konani kuta mbili zinatupiana rangi, na hapo unaiona jinsi itakavyokuwa chumba kikishajaa. Itazame saa tatu asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Usiku usishangae. Balbu nyingi madukani kwetu ni 6500K, imeandikwa kwenye boksi, mwanga wake mweupe unaoelekea bluu. Chini yake mkonge unakuwa baridi kama wodi. Tafuta 4000K, ubadilishe balbu usiiguse rangi.

Mtu akikuambia chumba cha kaskazini kina baridi na cha kusini kina joto, amesoma kitabu cha Ulaya. Huko jua hupita kusini mwaka mzima. Dar jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Katikati hapo linaelekea kaskazini, ndiyo maana mwezi wa sita dirisha la kaskazini linapata jua. Kuanzia Oktoba linahamia kusini. Sisi tunaulizana mashariki na magharibi.

Kuta zote nne pakeni mati, isiyong'aa. Silki, ile yenye kung'aa kidogo, inasafishika, nakubali, na mafundi tunaipenda, lakini ukuta wa mashariki ukiwa silki utakuchorea dirisha zima ndani ya skrini yako. Kama watoto wanaingia na mikono ya chipsi, ulizia mati inayooshwa, ipo siku hizi.

Hesabu yake nimekufanyia. Nimechukua kimo cha mita 2.7, nikatoa mlango na dirisha, kuta zinabaki kama mita za mraba 30. Lita moja inapaka karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Ukuta wa kusini una 8, mikono miwili ni 16, nunua makopo mawili ya lita 1. Kuta tatu zilizobaki zina kama 22, mikono miwili ni 44, kwa hiyo galoni ya lita 4 na kopo la lita 1. Zichanganyiwe siku moja dukani, na ukifika nyumbani mimina galoni na kopo kwenye ndoo moja mkoroge pamoja, maana mashine ikitofautiana tone moja utaliona katikati ya ukuta. Namba ya mchanganyiko iandike kwa kalamu ya risasi juu ya fremu ya mlango. Kitakachobaki funika vizuri, ni cha kuziba makovu.

*Assalaam aleikum Bibie. Nakaa Mji Mkongwe, Unguja, nyumba ya mawe ya zamani, chumba cha chini. Nafanya kazi ya tafsiri humo. Miaka miwili iliyopita nilipaka rangi ya plastiki ya samawati, sasa inavimba kama malengelenge, ukiibandua chini kuna unga mweupe. Fundi kasema apige saruji kwanza ndipo tupake upya. Nataka rangi ya kutuliza macho. Ipi itashika? — Mtafsiri, Unguja*

Waaleikum salaam kaka yangu. Mzuie fundi wako leo hii, kabla hajaja na mfuko.

Nyumba yako imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevu unapanda kutoka ardhini, unatoka taratibu usoni mwa ukuta, unapotelea hewani. Umefanya hivyo tangu enzi za waliojenga. Wewe ukauvika rangi ya plastiki, unyevu ukakosa pa kutokea, ukaisukuma rangi mpaka ikavimba. Unga ule ni chumvi, iliyokuja na maji na kubaki maji yalipokauka. Watu wanaiita fangasi, lakini fangasi ni kitu kingine. Ukipiga saruji unyevu utapanda juu zaidi kutafuta njia, na mwakani utauona kifuani badala ya magotini. Saruji ni ngumu kuliko mawe yako, ikibanduka inaondoka na ukuta.

Bandua rangi yote kwa chuma cha kukwangulia. Chumvi ipanguse kwa brashi kavu, uizoe uitoe nje. Usiioshe, maana maji yataiyeyusha irudi ndani. Kisha uache ukuta wazi wiki kadhaa, madirisha yakiwa wazi. Kama unaweza kuvumilia mpaka upepo wa kaskazi ukaushe, bora zaidi. Palipobomoka pazibwe kwa lipu ya chokaa na mchanga usio wa pwani. Na kama kazi itakuwa kubwa kuliko kupaka, ulizia kwanza kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na pale wako watu wanaozijua kuta hizo.

Halafu paka chokaa. Najua wengine wanaidharau, wanaiona rangi ya mashina ya minazi. Chokaa iliyopakwa vizuri, mikono minne au mitano myembamba kama maziwa, ukuta ukiloweshwa kidogo kabla ya kila mkono, ina mng'ao ambao hakuna kopo litakaokupa. Ikiwa mbichi unaona ukuta unapita ndani yake, unafikiri umepoteza siku. Kesho yake imeweuka. Vaa miwani na glavu, chokaa inaunguza jicho.

Samawati yako unaweza kuipata humo humo. Chokaa ni kali, inaziunguza rangi nyingi, lakini unga wa nili ya ultramarine unaistahimili, na unga wa udongo, mwekundu na wa manjano, unaistahimili pia. Tia kidogo sana, uloweke kwanza kwenye maji, uchuje kwa kitambaa. Jaribu juu ya jiwe na uliache likauke juani, kwa sababu kilicho bluu ya bahari kwenye ndoo kinakauka kuwa mbingu ya asubuhi. Kwa chumba cha chini kwenye vichochoro vile, ambako mwanga unakufikia baada ya kugonga ukuta wa jirani, ningetaka hafifu kabisa, nyeupe iliyonusa nili. Na kama chumba chako kina zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, usizizibe kwa rafu za mbao. Zipake nyeupe tupu ndani, uweke kamusi zako humo. Kila kidaka kitakuwa kidirisha kidogo mbele ya macho yako ukiwa unatafuta neno.

*Mama Rangi shikamoo. Nimepanga chumba Arusha, nyumba ya zamani. Mwenye nyumba kaniruhusu kupaka ukuta mmoja tu. Chumba ni kijivu, nusu ya chini ina rangi ya mafuta. Nasomea humo na kufanya kazi za kompyuta, mwezi wa saba nahisi baridi hata nikivaa sweta. Nipake ukuta gani, rangi gani? — Mpangaji, Sakina*

Marahaba mwanangu. Paka ule ulio mbele ya macho yako ukiwa mezani, maana huo ndio utakaoutazama. Arusha mwezi wa saba mawingu yanaweza kukaa mpaka mchana, mwanga ni wa kibluu, na kijivu kinaufanya uwe baridi zaidi. Hapo ndipo krimu niliyomnyima mwenzako wa Tabata inapopata kazi yake. Kama unataka kitu chenye moyo zaidi, chukua rangi ya chungu kilichotumika sana, udongo uliofifia, lakini usishuke chini ya 50 kwenye ile namba niliyoieleza.

Tatizo lako ni hiyo nusu ya mafuta. Rangi ya maji ukiipaka juu yake itabanduka kama ngozi ya viazi vya kuchemsha. Lazima ikwaruzwe na kupigwa praima ya kushikilia. Na kwa kuwa nyumba ni ya zamani, rangi ile inaweza kuwa na madini ya risasi ndani, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama mwilini. Kwa hiyo usiikwaruze kavu. Tumia msasa wa maji, ukuta ukiwa umelowa muda wote, vaa barakoa, tandaza nailoni chini na uikunje na uchafu wake ndani ukimaliza. Kama kuna mtoto au mama mjamzito kwenye nyumba hiyo, wasiingie chumbani mpaka umepiga deki kwa kitambaa kibichi, mara mbili, na maji ya deki usiyamwage bustanini.